Kumkingia kifua mlevi si kumpenda: tuwasaidie pia wanaoishi naye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu yenu ya masuala ya ndoa. Dada mmoja aliandika kwamba mume wake hunywa pombe kila siku, kwamba yeye ndiye anayelipa madeni ya kilabuni na ndiye anayempigia simu msimamizi wa kazi wa mumewe kumwombea ruhusa, na kwamba amechoka, lakini anaogopa akiacha kufanya hivyo mume ataharibikiwa kabisa. Aliyemjibu alimtaka avumilie, aendelee kumsitiri mumewe na azidishe maombi. Sina ugomvi na maombi wala na subira. Ninachokipinga ni agizo la kuendelea kumsitiri, kwa sababu kwa miaka mingi niliyofanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, hadi nilipostaafu, nimeziona kaya nyingi ambazo sitara ya namna hiyo ndiyo iliyoufanya ulevi udumu, huku anayesitiri akizidi kudhoofu mwili na akili.

Hali anayoieleza dada huyo ina sura inayojulikana. Ni utegemezi wa kihisia unaomfanya mtu aishi kwa kuitazama hali ya mwenzake. Mwenzake akiamka na uso mkunjufu, naye siku yake huwa njema. Akirudi amelewa, usiku mzima huwa wa kuhesabu makosa yake mwenyewe: labda chakula kilichelewa, labda alimjibu vibaya asubuhi, labda angempigia simu mapema asingekwenda kilabuni. Mtu wa namna hii hujua saa anayotoka mume wake kazini, njia anayopita, rafiki anayekaa naye na kiasi cha fedha kilichobaki mfukoni mwake, lakini ukimuuliza yeye mwenyewe anapenda nini, au mara ya mwisho alipima shinikizo la damu lini, hana jibu. Kuhitajika kumekuwa ndiyo kipimo chake cha thamani. Na kwa kuwa anahitajika zaidi pale mambo yanapoharibika, anajikuta amefungwa katika nyumba ambayo mambo hayana budi kuendelea kuharibika.

Niseme mapema kwamba utegemezi huu si jina la ugonjwa unaoandikwa katika cheti cha hospitali. Haumo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na wapo wataalamu, hasa watetezi wa haki za wanawake, waliolalamika kwamba maelezo ya aina hii yanaweza kugeuzwa fimbo ya kumchapia mke, aonekane yeye ndiye chanzo cha ulevi wa mumewe. Lalamiko hilo nakubaliana nalo. Mke hamnyweshi mumewe pombe. Lakini kukubali kwamba hakusababisha hakutuzuii kuona kwamba ameingia katika mazoea yanayomuumiza, na kwamba anaweza kusaidiwa kutoka humo hata kama mume hataacha kunywa kamwe.

Waliolitambua jambo hili mapema walikuwa wake wa walevi wenyewe. Mmarekani Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wawili wa Alcoholics Anonymous, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanza mwaka 1935, alikuwa mlevi aliyemtegemea mkewe Lois kwa miaka mingi. Lois alifanya kazi dukani mjini New York ili nyumbani wapate kula, akamuuguza, akamtetea kwa ndugu, akaamini kwamba mapenzi yake ndiyo yatakayomwokoa. Bill aliacha pombe mwezi Desemba 1934, akaanza kuhudhuria mikutano na walevi wenzake, na jioni moja alipomhimiza mkewe wasichelewe mkutanoni, Lois alimrushia kiatu kwa hasira. Baadaye alieleza wazi kilichomkasirisha: kazi aliyoihangaikia miaka yote, watu wengine waliifanya kwa muda mfupi, naye akabaki hana shughuli moyoni. Mwaka 1951 yeye na mwenzake walianzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu na wenzi wa walevi, ambako hadi leo watu hufundishana mambo matatu kuhusu ulevi wa mtu wao: hawakuusababisha, hawawezi kuudhibiti na hawawezi kuuponya.

Nimekitaja kisa cha kiatu kwa makusudi, kwa sababu hasira ya namna ile nimeiona hapa kwetu. Mama mmoja niliyemhudumia, ambaye mume wake alikaa miezi kadhaa bila kugusa pombe baada ya kulazwa, alikuja ofisini akilalamika kwamba mume anaingilia mambo ya nyumbani: anauliza ada imelipwa lini, anataka kujua mahindi yameuzwa bei gani, anawakemea watoto. Kwa miaka mingi mambo hayo yote yalikuwa mikononi mwa mama. Jioni hakujua afanye nini, kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kumsubiri dirishani. Ugomvi ulianza, na katika ugomvi mmoja alimwambia mumewe kwamba alikuwa afadhali alipokuwa akinywa. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameachwa bila msaada wowote wakati mume wake anatibiwa, kana kwamba nyumba ile ilikuwa na mgonjwa mmoja tu.

Yafaa tuangalie kwa karibu jinsi sitara inavyofanya kazi, maana ndani yake mna mambo madogo madogo ambayo kila moja peke yake linaonekana kuwa ni wema. Mume ameshindwa kuamka. Mke anapiga simu kazini, anasema amepatwa na malaria. Mwenye kilabu cha mbege amekuja na daftari la madeni. Mke anatoa fedha za kikoba, yaani kikundi chake cha kuweka na kukopa, ili aibu isisambae mtaani. Fedha za kikoba zinatakiwa kurudishwa. Mke anakwenda kwa wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu, anaacha kadi ya benki na namba ya siri, na kuanzia hapo analipa riba kwa ajili ya pombe ambayo hakuinywa. Watoto wanauliza kwa nini baba amelala sebuleni na viatu. Wanaambiwa kichwa kinamuuma. Mtoto mkubwa wa kike, ambaye si mjinga, anajifunza kwamba katika nyumba hii jambo linaloonekana kwa macho halisemwi kwa mdomo, naye huanza kuwaogesha wadogo zake, kupika, na kumtuliza mama usiku. Wasichana waliolelewa hivyo nimewahi kuwapokea tena ofisini wakiwa watu wazima, nao wameolewa na walevi.

Na mume je? Asubuhi anaamka kazi ipo, deni limelipwa, chakula kimefunikwa kwa kawa, heshima yake mtaani iko palepale. Ni lipi litakalomshtua? Wahenga waliosema mficha maradhi kilio humfichua walijua kwamba kuficha hakuondoi kilio, hukisogeza mbele tu, na kwa mlevi kilio hicho mara nyingi huwa ni ini, ajali ya bodaboda au kufukuzwa kazi siku ambayo malaria ya simu haitoshi tena.

Wapo watakaosema kwamba ninaleta mambo ya kila mtu na lake. Hapana. Sisi ni watu wa kutegemeana, na sioni fahari katika jamii ambayo ndugu hamjui ndugu yake. Kumuuguza mume aliyepooza si utegemezi ninaouzungumzia hapa, wala mtoto kuwatunza wazazi wake, wala ndugu kuchangiana ada na matanga. Tofauti hujitokeza ukiuliza maswali mawili. Baada ya msaada huu, anayesaidiwa amekaribia kusimama mwenyewe, au amekaribia chupa nyingine? Na anayesaidia, je, anaweza kusema hapana akabaki na amani, au akifikiria tu kusema hapana mikono inamtetemeka? Undugu wa kweli humwachia mtu nafasi ya kukataa. Pale ambapo kukataa kumekuwa ni jambo lisilowezekana, tumekwishatoka kwenye undugu.

Hofu yenyewe haipaswi kudharauliwa. Huko Tanga nilikutana na akina mama wenye vijana wanaotumia dawa za kulevya, na baadhi yao walikuwa wakitoa fedha za kete kila asubuhi. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, heri nimpe mimi kuliko akaibe achomwe moto na wananchi." Mtu asiyeijua mitaa yetu angemlaumu, lakini yeye alikwisha kuona kijana wa jirani akipigwa hadi kufa kwa sababu ya simu ya mkononi. Aliamua kwa hofu iliyo na msingi. Hata hivyo fedha ile ya asubuhi haikumwepusha kijana na wizi, kwa sababu arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa za kulevya, ya jioni haikungojea fedha ya kesho, na mama akabaki hana mtaji wa kupikia vitumbua. Kilichobadilisha mambo, pale yalipobadilika, ni mama kuacha kutoa fedha na badala yake kukubali kutoa kitu kingine: nauli ya kwenda kliniki akifuatana naye, na sahani ya chakula nyumbani. Methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011 na baadaye ikasambaa katika mikoa mingine, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na ni vigumu sana kwa kijana kuizoea ratiba hiyo ikiwa nyumbani bado kuna mtu anayempa fedha ya unga ili anyamaze.

Sasa dada aliyeandika afanye nini? Nitamjibu kama ningemjibu mtu aliyeketi mbele ya meza yangu.

Dada yangu, usianze na tangazo kubwa la kwamba kuanzia leo umebadilika. Anza na uongo mmoja uuache. Asubuhi mume wako asipoamka, usimpigie msimamizi wake. Simu ni yake, kazi ni yake, na maneno ayatafute mwenyewe. Utaona siku hiyo inavyokuwa ndefu, na utajisikia kama mtu aliyetenda dhambi. Hisia hiyo ni ya kweli na itauma, lakini si ushahidi kwamba umekosea; ni mwili uliozoea kukimbilia kila moto, sasa umekaa.

Madeni ya kilabuni usiyalipe, na kabla hujaacha kuyalipa mwambie mume wako mapema, asubuhi akiwa hajanywa, bila kupaza sauti na bila kuhesabu makosa ya mwaka juzi. Sentensi fupi inatosha: fedha zangu ni za ada na chakula, deni la pombe silijui. Usimtishie jambo ambalo huna uwezo au nia ya kulitekeleza, kwa maana mwanamke aliyesema mara nyingi "nitaondoka" akiwa bado ameshika ufagio amemfundisha mumewe kwamba maneno yake hayana uzito. Sema dogo unaloliweza, kisha ulitende.

Mkopo mpya wa kausha damu usiuchukue kabisa. Ule wa zamani peleka karatasi zake kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao kwa mtu asiye na uwezo haina malipo. Ikiwa mume anakutaka utie saini ili nyumba iwekwe rehani, fahamu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo ni yako kuitoa au kuinyima. Wanawake wengi hukaa kimya wakiamini kwamba wakidai chochote watatoka mikono mitupu, ilhali Mahakama ya Rufani, tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikwisha kutambua kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Sikushawishi uvunje ndoa. Ninataka tu kama utabaki, ubaki kwa kupenda.

Ikiwa anakupiga, ushauri wangu hubadilika. Mambo ya kuweka mipaka taratibu ni ya nyumba ambayo mtu anaweza kusema hapana akalala salama. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, na katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Usalama wako na wa watoto hutangulia. Hayo mengine yatafuata mkiwa mahali ambapo hakuna wa kuwadhuru.

Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli wote. Si lazima awe mama yako, ambaye pengine naye aliyavumilia hayohayo na atakuona unamshutumu. Anaweza kuwa mshenga wenu, kwa kuwa kazi ya mshenga haikuishia siku ya kupokewa mahari. Anaweza kuwa mama mchungaji, mwalimu wa madrasa au muuguzi wa zahanati. Kisha ombeni kikao cha familia ya mume, nacho kiwe na ajenda moja tu: kwamba hakuna ndugu atakayemtumia fedha taslimu mkononi. Nimeshuhudia juhudi za mke zikibomoka kwa muamala mmoja wa simu kutoka kwa kaka aliyeko Dar es Salaam, aliyehurumia sauti ya kilevi ya mdogo wake saa 4 usiku. Kaka kama huyo akitaka kusaidia, alipe ada moja kwa moja shuleni au agharamie matibabu.

Tena jihadharini na jambo moja ambalo familia hulifanya kwa nia njema na limewahi kuua: kumfungia mlevi wa muda mrefu chumbani ili aache kwa nguvu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafla, huweza kupata degedege, homa na kuona vitu visivyokuwepo katika siku chache za mwanzo. Anayetaka kuacha apelekwe hospitali asimamiwe na daktari.

Kwa upande wako mwenyewe, rudi katika mambo uliyoyaacha. Kama ulikuwa unaimba kwaya, rudi kwaya. Kama shamba la maharage limelala, lilime. Kapime shinikizo la damu na sukari. Haya yanaonekana madogo kando ya ukubwa wa tatizo, lakini mtu ambaye maisha yake yote yamekuwa ni kumchunga mwingine hawezi kuacha kuchunga kwa amri. Ni lazima awe na jambo la kuzijaza saa zile za jioni, la sivyo atarudi dirishani. Utakosea, utalipa deni siku moja kwa huruma, na kesho yake utaanza upya. Huenda mume akaacha pombe, huenda asiache. Nimewaona wa aina zote mbili, na katika nyumba za aina zote mbili nimewaona wanawake walioanza kulala usingizi.

Wanaume pia wamo. Nimewapokea waume wanaoficha ulevi wa wake zao kwa aibu kubwa kuliko hata ile ya wanawake, na wazee wa kiume waliouza ng'ombe mmoja baada ya mwingine kulipa faini za vijana wao. Wao hawaji ofisini hadi mambo yawe yameharibika sana, na pengine ndiyo maana hatuwazungumzii.

Ningependa pia kuwaambia wanaotoa mafunzo kwa maharusi, iwe ni somo, yaani kungwi, wa pwani au wasemaji wa sherehe za jikoni huku bara, kwamba bibi harusi anayefundishwa namna ya kumpokea mume aliyelewa, jinsi ya kumvua viatu na kutomuuliza swali, anaandaliwa kuwa mtumishi wa ulevi kabla haujaingia nyumbani. Mfundisheni uvumilivu wa njaa, wa maradhi, wa umaskini wa mwanzo. Na mfundisheni pia kwamba uongo kwa ajili ya mume haumo katika wajibu wake.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa wenye mamlaka. Serikali imechukua hatua dhidi ya ulevi. Ilipiga marufuku pombe kali za viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, nasi tuliokuwa kazini tulishukuru, ingawa wanywaji wengi walihamia chupa ndogo na gongo. Kliniki za methadoni zipo na nyumba za upataji nafuu, wanakokaa waraibu wanaojaribu kuacha, zimeongezeka. Lakini katika sehemu nilizozifahamu, mgonjwa huingia ndani kwa mshauri na mama aliyemleta hubaki kwenye benchi la nje ameshika mkoba. Kila hospitali ya wilaya yenye mshauri nasaha ingeweza kutenga saa 2 kwa wiki kwa ajili ya wake, waume na wazazi wa watu wenye uraibu, wakae pamoja wasikilizane. Haihitaji jengo jipya wala dawa. Inahitaji chumba, viti, na afisa ustawi wa jamii ambaye hatavutwa kwenda kwenye shughuli nyingine saa hiyo. Wastaafu kama mimi tupo, na wengi wetu tungekwenda kuongoza vikao hivyo bila kudai posho. Ninaomba waganga wakuu wa wilaya watakaosoma barua hii watuite.

Afisa ustawi wa jamii mstaafu,
Moshi